Mgeni Mpe Jembe: Vijana wa Kujitolea Vijijini Kwetu Tangu 1961

Wiki chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa tarehe 9 Desemba 1961, kundi la vijana 35 kutoka Marekani lilifika Dar es Salaam. Hawakuwa wanajeshi, wamishenari wala wafanyabiashara. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na kazi waliyoitiwa ilikuwa kupima njia za barabara na kusaidia kuchora ramani ya nchi iliyokuwa inakaribia kujitawala. Walikuwa moja ya makundi ya kwanza kabisa ya Peace Corps duniani, pamoja na yale yaliyokwenda Ghana na Colombia. Kwa hiyo habari ya vijana wa kigeni kujitolea vijijini kwetu ina umri ule ule wa uhuru wetu, na kwa wiki chache imeutangulia.

Tumechagua kuiandika habari hiyo katika jarida la mwaka huu kwa sababu inatugusa ndani ya nyumba zetu. Kila mwaka wanetu waliozaliwa au kukulia hapa Uingereza wanafika miaka 17 au 18, wanaleta nyumbani karatasi ya shule au ya kampuni ya safari: wiki tatu au nne za kwenda "kusaidia kijiji" Tanzania, Kenya au Uganda. Wanauza keki, wanakimbia mbio za hisani, wanatuomba sisi wazazi, mashangazi na wajomba tuchangie. Pengine kijiji wanachokwenda kusaidia kiko mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka kwa bibi yao. Tunachangia, na moyo wao tunausifu. Lakini swali linabaki: kazi hii ya kujitolea ilitoka wapi, vijiji vyetu vimepata nini kutokana nayo, na mtoto wetu akienda atakuwa nani pale? Kulijibu kunahitaji kurudi nyuma.

Kujitolea hakukuja na ndege

Jambo la kwanza ambalo wanetu wanapaswa kulijua ni kwamba kujitolea hatukufundishwa na wageni. Upareni kuna msaragambo. Siku ikitangazwa, kila kaya hutoa mtu na jembe lake, watu wanazibua mfereji, wanalima njia, wanajenga darasa. Sehemu nyingine za nchi watu wamezoea kuuita utaratibu huo ujima. Kenya, Mzee Jomo Kenyatta aliuchukua wito wa harambee akaufanya wito wa taifa zima. Katika kazi hizo zote aliyebeba jiwe ndiye atakayeteka maji. Hakuna anayesaidia na anayesaidiwa, wote ni wenyeji wa kazi.

Jambo la pili litawashangaza. Kijiji cha kwanza kufuatwa na vijana wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali hakikuwa Afrika. Kilikuwa Ufaransa. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya watu wachache wa mataifa tofauti katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, mahali palipokuwa pamesagwa na mizinga ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Walijenga vibanda, wakafukia mahandaki, wakasafisha mashamba. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, na wazo lilikuwa hilo hasa: waliokuwa maadui wajenge pamoja kilichobomolewa. Baada ya miezi michache wakubwa wa pale hawakuweza kuvumilia kuwaona Wajerumani kijijini, na kambi ikafungwa. Wazo halikufa. Kutokana na kambi ile lilizaliwa shirika la Service Civil International, na mtindo wa kambi za kazi ukaenea duniani.

Hapa Uingereza jina linalokumbukwa ni la Alec Dickson. Yeye na mkewe Mora walianzisha VSO mwaka 1958, wakiwapeleka vijana waliomaliza shule kwenda kufanya kazi mwaka mmoja katika makoloni na nchi zilizokuwa zinajikomboa. Mwaka 1962 Dickson huyo huyo alianzisha shirika jingine, Community Service Volunteers, kwa ajili ya vijana kujitolea hapa hapa Uingereza, katika hospitali, shule na mitaa yao. Aliyewapeleka vijana ng'ambo aliona pia kwamba nyumbani kwao kulikuwa na kazi. VSO yenyewe, kadiri miaka ilivyokwenda, iliacha kutegemea vijana waliotoka shuleni, ikageukia watu wenye taaluma: walimu, wauguzi, mafundi, wahasibu.

Kwa nini wapima ardhi?

Tarehe 1 Machi 1961 Rais John Kennedy alisaini amri ya kuanzisha Peace Corps, na shemeji yake Sargent Shriver akawa mkurugenzi wa kwanza. Tanganyika ilikuwa ya kwanza kutangazwa kuwa itapokea kundi. Vijana wale walipelekwa kwanza chuo cha Texas Western, El Paso, wakafundishwa kazi, historia yetu na Kiswahili. Walipofika kwetu waliendelea na mafunzo Tengeru, karibu na Arusha, kabla ya kugawanywa mikoani.

Hawakuchaguliwa walimu wala wahubiri wa maendeleo. Walichaguliwa wapima ardhi, kwa sababu ndicho tulichoomba. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2 wazalendo, kwa watu milioni tisa hivi. Chuo Kikuu kilikuwa kimeanza mwaka ule ule kwa kitivo kimoja cha sheria, na shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilikuwa haijazaliwa. Ilifunguliwa mwaka 1963. Mkulima wa pamba au wa korosho alikuwa na mazao lakini hakuwa na barabara ya kuyafikisha sokoni wakati wa masika. Barabara haijengwi mpaka ipimwe, na wapimaji hatukuwa nao.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hivyo ndivyo ilivyofanyika mwaka 1961. Mwenyeji alijua shamba lake, akajua jembe lipi limekosekana, akalitaja kwa jina. Mgeni akapewa kazi yenye mwanzo na mwisho, chini ya idara ya serikali ya mwenyeji. Waliofuata walikuwa wengi zaidi na wengi wao walimu. Katika miaka ya sitini mpango wa Teachers for East Africa ulileta vijana wa Kimarekani na Kiingereza katika sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda, kwa sababu shule zilifunguliwa kwa kasi kuliko walimu walivyoweza kupatikana. Walikuja pia Wadenmaki, Wajerumani, Wakanada na Wajapani. Wazee wengi wa jumuiya yetu, ukiwauliza nani aliwafundisha fizikia au hisabati, watakutajia jina la kigeni na kucheka wakikumbuka Kiswahili chake.

Uhuru na Kazi

Wakati huo huo vijana wetu wenyewe walikuwa kazini. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akazunguka nchi nzima kuijenga upya TANU. Kaulimbiu ilikuwa Uhuru na Kazi. Vijiji vikaanza kujenga madarasa, zahanati, visima na barabara kwa nguvu zao. Neno "kujitolea" likaingia katika hotuba, redio na magazeti, likawa jina la kazi ya kujenga taifa.

Tarehe 10 Julai 1963 Jeshi la Kujenga Taifa likazaliwa. Vijana waliingia makambini kujifunza ukakamavu, kilimo na uraia. Mwaka 1966 serikali ilipowataka wahitimu wa vyuo na shule za juu nao wapite huko, wakiwa wanakatwa sehemu kubwa ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mwezi Oktoba hadi Ikulu. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ule ulikuwa juu ya swali ambalo halijaisha: aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima anawadai nini, na anadaiwa nini nao?

Mfano ambao watoto wetu hawausikii shuleni ni wa Litowa, karibu na Songea. Mwaka 1960 vijana wachache wa TANU Youth League waliingia porini, wakaanzisha kijiji cha kulima pamoja. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa na wengi walikata tamaa. Waliobaki, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walijenga nyumba, shule na shamba la pamoja, na vijiji vya jirani vikajiunga nao katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association. Wageni wachache waliishi nao, akiwamo Mwingereza Ralph Ibbott na familia yake. Ibbott alikuwa mshauri. Maamuzi yalifanywa na wanakijiji katika mkutano wao. Litowa ilikuwa miongoni mwa mifano iliyompa Mwalimu matumaini alipoandika juu ya ujamaa vijijini.

Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU. Mwaka huo huo Peace Corps nao waliondoka Tanzania. Sababu hazikuwa moja. Vita vya Vietnam vilikuwa vimeharibu sura ya Marekani, na Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilisababisha watu kuuliza kama mtoto wa mkulima anaweza kufundishwa kujitegemea na mgeni wa miaka miwili. Lakini ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, unaona jambo lililokuwa linatokea: kujitolea, kuwe kwa mgeni au kwa mwanakijiji, kulianza kuwekwa chini ya amri kutoka juu. Miaka michache baadaye, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa, wengi bila hiari yao. Wengi wa wazazi wetu hukumbuka mema na maumivu ya miaka ile katika pumzi moja, na ni haki yao.

Mtu ni Afya

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunapenda kusimama kidogo kwenye mwaka 1973. Mwaka huo iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusoma, redio katikati na kijitabu mkononi, wakijadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi, jirani wa wote waliokaa pale. Somo likiisha, hawakutawanyika tu. Walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi, walichemsha maji.

Tangu hapo tumesoma vitabu vingi vya afya ya jamii katika vyuo vya huku, na tumekuta mengi ndani yake yaliyokwisha kufanyika chini ya mwembe kwa redio ya betri. Choo kilichochimbwa na mwenye nyumba kinatumika na kutunzwa. Choo kilichochimbwa na mgeni aliyeondoka Ijumaa mara nyingi hubaki stoo ya kuni. Hili si jambo la rangi ya mchimbaji. Ni suala la nani alishawishika kwamba choo kinahitajika, na nani atakiziba kikibomoka.

Safari ikawa biashara

Peace Corps walirudi mwaka 1979, nchi ikiwa imetoka vitani na Idi Amin na uchumi ukiwa taabani. Miaka ya themanini dawa zilipungua zahanati, vitabu vikapungua shuleni. Kuanzia miaka ya tisini mashirika yasiyo ya serikali yakaongezeka, na mlango wa kuingilia kijijini ukaacha kuwa mmoja. Zamani mgeni alipita wizarani. Sasa aliweza kupita kwa mtu yeyote mwenye kibao na akaunti ya benki.

Hapo ndipo ilipokua biashara ya kujitolea. Vijana wa Ulaya na Marekani, kabla ya kuanza chuo au wakati wa likizo, walianza kulipa kampuni ili wapelekwe kujitolea. Arusha na Moshi zikawa vituo vikubwa, kwa sababu ukimaliza wiki mbili za kupaka rangi darasa unaweza kupanda Kilimanjaro au kwenda Serengeti. Wengi wa vijana hawa ni watu wema, na wapo waliorudi kwao wakawa marafiki wa kweli wa nchi yetu. Lakini mpangilio umegeuka kichwa chini. Mwaka 1961 kijiji kilikuwa na hitaji, kikatafutiwa mtu. Sasa kuna mtu aliyekwisha kulipa, anatafutiwa hitaji.

Palipoumia zaidi ni kwenye vituo vya kulelea watoto yatima. Mgeni anapenda watoto, na picha ya watoto huvuta michango, kwa hiyo vituo viliongezeka. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika vituo hivyo duniani wana mzazi mmoja aliye hai. Wamepelekwa pale kwa umaskini, kwa tumaini la shule na chakula. Mtoto mdogo anayebadilishiwa mlezi kila wiki tatu hujifunza kumkumbatia kila mgeni na kutomwamini yeyote. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilitaja madhara ya utalii wa kujitolea katika vituo vya yatima. Bibi zetu hawakuhitaji azimio kulijua hilo. Mtoto aliyefiwa alichukuliwa na shangazi, mama mdogo au bibi, na msaada wa maana ulikuwa kumpelekea bibi huyo unga, sare za shule na ada.

Sindano mkononi mwa asiyesomea

Kuna jambo ambalo wauguzi hatuwezi kulipita kimya. Hapa Uingereza mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu hatoi dawa peke yake. Anasimamiwa, anasainiwa, anaulizwa. Sisi wenyewe, tukiwa na miaka ya kazi na shahada za huku, hatugusi mgonjwa bila usajili. Ndiyo maana inatushtua kuona matangazo yanayomwambia kijana wa miaka 18, ambaye hajasomea chochote, kwamba zahanati fulani Afrika itampa nafasi ya kusaidia kuzalisha, kushona vidonda au kuchoma sindano. Mama anayejifungua kule ni mama kama huyu wa London au Leicester. Uchungu ni ule ule na hatari ni ile ile, isipokuwa yeye yuko mbali zaidi na chumba cha upasuaji mambo yakiharibika.

Matokeo yake yamefika mahakamani. Mwaka 2019 Jinja, Uganda, ilifunguliwa kesi dhidi ya mwanamke wa Kimarekani ambaye hakuwa amesomea udaktari wala uuguzi, aliyekuja nchini akiwa kijana na kuanzisha kituo cha kulisha watoto wenye utapiamlo. Akina mama waliofiwa walidai kwamba aliwatibu watoto wao. Mwaka 2020 pande mbili zilimaliza shauri kwa mapatano ya malipo, bila yeye kukubali kosa. Kwetu sisi somo liko wazi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ni mmoja wa wagonjwa wagumu kuliko wote. Ukimpa maji au chakula kwa pupa unaweza kumuua. Moyo wa huruma hauchukui nafasi ya mafunzo.

Jozi

Tusiseme mabaya tu, maana yapo mazuri yaliyoonekana. Katika miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa unamaliza kaya nzima, mkoa wa Iringa ukiwa miongoni mwa iliyoumizwa sana, mashirika ya vijana yalianza kutuma vijana wawili wawili shuleni na vijijini: mmoja Mtanzania, mmoja kutoka ng'ambo, wakikaa pamoja na kufundisha vijana wenzao. Kuanzia mwaka 2011 serikali ya Uingereza iliutumia mtindo kama huo katika mpango wa International Citizen Service, ulioongozwa na VSO. Vijana wa miaka 18 hadi 25 kutoka Uingereza waliunganishwa na vijana wa nchi husika, Tanzania ikiwamo, wakaishi kwa mama mwenyeji mmoja, wakala chungu kimoja na kufanya kazi moja kwa wiki kumi hadi 12.

Faida ya jozi ni rahisi kuieleza. Kijana wa Kitanzania anaijua lugha, anajua mwenyekiti wa kijiji anaingiwaje nyumbani, anajua kwa nini mkutano haufanyiki siku ya mnada. Mgeni akikosea anarekebishwa usiku huo huo kwa utani, si kwa ripoti. Na kazi ikiisha, mmoja wao anabaki nchini na ujuzi wake. Wapo vijana wa Kitanzania waliopitia njia hiyo wakaendelea kuwa viongozi wa mashirika na wa mitaa yao.

Machi 2020 ulikuja mtihani. Kwa sababu ya korona, Peace Corps, kwa mara ya kwanza katika historia yake, waliwaondoa watu wao wote duniani, wapatao 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Mipango mingine nayo ikasimama, na ule wa serikali ya Uingereza haukudumu baada ya hapo. Ndani ya siku chache wageni hawakuwapo. Waliobaki ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaotembea kwa miguu nyumba hadi nyumba kuuliza kama mjamzito amehudhuria kliniki na kama mtoto amechanjwa. Wengi wao kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo kwa posho ndogo au bila malipo. Ukitaka kumwona mtu wa kujitolea katika kijiji cha Tanzania, mara nyingi ni mama wa makamo mwenye daftari na ndala.

Njia mbili zinazopishana

Tuseme na lililo gumu kwetu. Kwa miaka hii yote vijana wa Ulaya walipokuwa wanakwenda kwetu kujitolea, wauguzi na madaktari wa kwetu walikuwa wanakuja kwao kufanya kazi. Tunapishana angani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo wa kimataifa kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, na orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa inaitaja Tanzania. Uingereza hairuhusu waajiri wake kwenda kutafuta wauguzi katika nchi za orodha hiyo, ingawa mtu anaweza kuomba kazi mwenyewe.

Hatuandiki hili kumlaumu yeyote aliye huku. Kila mmoja wetu anajua alivyoondoka, na simu za ada, za matibabu na za mazishi tunazipokea wote. Tunaliandika ili watoto wetu waone hesabu nzima. Kijiji hakikosi muuguzi kwa sababu watu wake hawawezi kusomea uuguzi. Walisoma, na wengine wao wako huku wodini wakiwageuza wazee wa nchi nyingine kitandani. Mtoto anayeijua hesabu hiyo hatakwenda kule akidhani anawapelekea watu akili.

Kwa wanetu wanaotaka kwenda

Hatusemi msiende. Tunasema nendeni mkijua mnaingia katika historia ya zaidi ya miaka 60, na kabla ya kulipa hata paundi moja ulizeni maswali haya.

Nani ameomba? Tafuta jina la serikali ya kijiji, shule au zahanati iliyoomba kazi hiyo, na utume ujumbe kuuliza.

Kazi hiyo ungeruhusiwa kuifanya hapa Uingereza? Kama hapa huruhusiwi kumshika mtoto wa watu bila uchunguzi wa rekodi yako, wala kutoa dawa bila usajili, kule pia usifanye.

Unamnyima nani kazi? Fundi rangi na fundi mwashi wapo kijijini. Nauli yako ya ndege ingewalipa kwa miezi.

Nani atabaki na kazi hii ukiondoka? Kama jibu ni "kundi linalofuata", basi hakuna atakayebaki nayo.

Unajua Kiswahili kiasi gani? Wale vijana wa mwaka 1961 walianza kukisoma kabla ya kupanda ndege. Nyinyi mna mwalimu jikoni, wa bure.

Mkishauliza hayo, fikirini pia juu ya jumuiya hii. Tuna wauguzi, wahasibu, mafundi umeme, walimu na madereva. Badala ya kila familia kulipa kampuni, tunaweza kuandikia halmashauri moja nyumbani na kuuliza jembe lipi limekosekana, kisha tukatuma anayelijua, akae na mwenzake wa pale, amfundishe na afundishwe. Vijana wetu waende naye kama wanafunzi. Ikichukua mwaka mzima kupata jibu, tusubiri.

Mwisho, wanetu, kumbukeni jambo moja ambalo hakuna kampuni itakayowaandikia kwenye karatasi yake. Kijiji alichozaliwa baba au mama yako hakikuhesabu kuwa mtu wa kujitolea. Ukifika pale wewe ni mjukuu. Hutapigiwa ngoma ya kuagwa baada ya wiki mbili, na hakuna atakayekupa cheti. Utaulizwa habari za wote mmoja mmoja, utaambiwa uwasalimie wagonjwa, utapelekwa makaburini uonyeshwe waliotangulia. Kesho yake asubuhi bibi atakuamsha kabla jua halijapanda, na jembe la siku ya tatu utapewa siku ya kwanza.

Tunawatakia nyote heri ya sikukuu ya Uhuru.